Jalada la Shati la Buluu

Kaloleni, Kisumu
3 Machi 2024

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Oyawore, Mama! Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Cliff ameota jino la pili na ameshaanza kuniuma. Owiti yuko Muhoroni na malori yake ya miwa, atarudi mwisho wa mwezi. Presha inasemaje? Na goti? Nakuandikia kwa sababu kwa simu husikii, tunaishia kupigiana kelele tu.

Mama, nimekutengenezea daftari, na usinicheke. Mara mbili umeenda kliniki Kombewa siku isiyo yako, na mbegu za sukuma ulizipanda ukasahau wapi. Nimenunua kauntabuku nene nikaigawa sehemu nne kwa vipande vya kalenda ya mwaka jana: chekundu kliniki, kijani shamba, cha njano kuku, cheupe kanisa. Vimechomoza pembeni, kwa hiyo unashika rangi unafungua. Kurasa zote nimezitia namba kwa mkono mpaka kidole kikavimba. Ukurasa wa kwanza ni wa kuandika kila jambo liko wapi. Nyuma nimebandika bahasha ya kadi ya kliniki. Lastiki nimeitoa kwenye sketi yangu ili daftari lisifunguke ndani ya kikapu.

Jalada ndilo najivunia. Nimelishona kwa shati kuukuu la Owiti nililolikuta chini ya gunia la nguo, la buluu na mistari myeupe. Mfuko wake nimeuacha uwe wa kalamu. Akello anakuja huko na mzigo wake wa mitumba, nimempa akuletee.

Mwanao,
Mercyline


Kombewa
13 Machi 2024

Kwa Nyar Bungoma, binti wa Bungoma,

Natumaini mtoto mzima. Mimi presha imepanda, na leo najua ilikopandia.

Mercyline, shati hili umelitoa wapi? Si la Owiti! Ni la marehemu mume wangu. Mfuko huo niliushona mimi kwa uzi mwekundu, wa buluu ulikuwa umeniishia, na uzi uko hapa mbele ya macho yangu. Nililiangusha daftari nikapiga yowe mpaka kuku wakatawanyika.

Ulipoolewa ulikuta mimi na shemeji yangu Oduor hatusalimiani, na boma zetu zimetenganishwa na ua tu. Hukuambiwa sababu. Sababu ni shati hili. Kwetu nguo za marehemu haziguswi mpaka wazee wazigawe mbele ya watu. Siku ya kugawa, shati halikuwemo. Ufunguo wa sanduku la nguo hizo alikuwa nao Oduor. Nikamwita mwizi, ukoo mzima ukisikia. Hakujibu neno. Mimi nikaona kimya chake ndio ushahidi.

Oduor tumemzika Jumamosi. Nasema tumemzika, lakini mimi sikwenda. Nilijifungia ndani, nyinyi nikawakataza msije. Akello aliugua malaria akakaa na mzigo wako nyumbani kwake, akauleta jana. Laiti mzigo ungefika wiki iliyopita ningemkuta mtu hai!

Muulize mume wako. Asikuzungushe.

Mama yako,
Adongo


Kaloleni
2 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Nakuombea afya. Mimi silali vizuri. Mikono iliyoshika mkasi naiona si yangu. Nimekata shati la marehemu, Mama! Nisamehe, sikujua.

Owiti alirudi Ijumaa Kuu. Nilimsomea barua yako kabla hajavua viatu. Alikaa sakafuni. Mtu mzima, dereva, akalia kuliko Cliff. Anasema alilichukua yeye, asubuhi ya kugawa, Oduor alipofungua sanduku akatoka kuita wazee. Aliogopa litapewa binamu, naye alitaka kitu kimoja tu cha babake. Alidhani halitaulizwa. Ulipoanza kumfokea Oduor, akajiambia atakwambia kesho. Hiyo kesho ndiyo imefika leo.

Sasa anasema niandike hivi, nami naandika tu: jalada lichomwe, mambo yaishe, Oduor hayuko tena, nani atafaidika? Mimi nimeshtuka, Mama. Sikujua nimeolewa na mtu anayeweza kusema hivyo. Nikikubali, Apiyo, mke wa Oduor, atabaki mjane wa mwizi, na watoto wake watoto wa mwizi.

Ukitaka nitakushonea jalada jingine. Lakini la kufanya na hili ni lako kuamua.

Mwanao,
Mercyline


Kombewa
8 Aprili 2024

Mwanangu Mercyline,

Mbusu Cliff. Wewe huna kosa, lala.

Sitachoma kitu. Jana nililifunga daftari kwa lastiki yako, nikalitia kwapani, nikapita ua kwenda kwa Apiyo. Nilimpa mkono, akautazama tu. Nikamwekea daftari mapajani nikasema, shati hili hapa, mwizi ni mwanangu.

Nilitegemea apige kelele. Akasema, "Tunajua."

Wuololo, Mercyline! Oduor alimwona Owiti akilificha ndani ya koti. Alimwona! Akamwambia mkewe, "Mtoto kutaka shati la babake si wizi, na nikimtaja, mamake atamfukuza nyumbani." Basi akakubali kuitwa mwizi, sokoni na kanisani. Na ni kweli, ningemfukuza. Oduor alinijua kuliko nilivyojijua.

Sehemu nyeupe, ya kanisa, nimeshaandika nitakayosema Jumapili mbele ya wote walionisikia siku ile. Nimefuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Mwambie Owiti aje asimame kando yangu. Asipokuja nitamtaja jina, na asithubutu kunikasirikia.

Nilipoinuka kuondoka ndipo Apiyo aliponiambia lingine, bila hasira, kama mtu anayenipa habari za mvua. Oduor kabla hajakata roho aliwaagiza wasifunike kaburi mapema. Alisema, "Shemeji atakuja." Wakangoja. Jeneza likiwa juani, mchungaji akitazama saa, wakawa wanaimba wimbo ule ule tena na tena, wakiangalia mlango wangu.

Nami nilikuwa nyuma ya mlango huo, Mercyline. Nilisikia wimbo ukirudiwa, nikasema moyoni, watu hawa hawana wimbo mwingine?

Mama yako,
Adongo