Jiwe nililobeba mpaka dukani

Ijumaa. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Bukavu isiyo na haraka, na njia yetu ya kushuka imekuwa matope matupu. Divine amelala. Acha niandike sasa, maana huyu mutoto akiamka mikono yangu si yangu tena.

Leo nimenunua perseze.

Nacheka mwenyewe nikiandika hilo neno. Mimi, mushonaji wa rido, mapazia ya madirisha, nina mashine ya kutoboa ukuta! Tena ile ya batri, isiyo na kamba. Iko pale juu ya kabati, na kila dakika naenda kuiangalia kama mutu aliyeleta mugeni nyumbani.

Kushona nakujua. Kinachonishindaga ni kutundika. Rido bila chuma chake ni kitambaa tu, na chuma kinataka matundu ukutani, na matundu yanataka bwana mwenye perseze, ambaye anakuja siku anayotaka yeye. Kwa Maman Odette, kule Nyalukemba, yule bwana alikuja na mashine ya kamba. Ukuta wa matofali aliutoboa vizuri. Alipofika kwenye ukuta wa dirisha kubwa, ule wa mawe, umeme ukakatika. Akangoja kidogo, akakunywa chai, akaenda. Hakurudi tena. Chuma kilibaki kimeshika upande mumoja tu, na siku ya wageni rido ikaanguka juu ya kichwa cha shemeji wa Maman Odette, kijiko kikiwa mudomoni.

Maman Odette hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alisema tu, “Maman Divine, unashona muzuri. Lakini mimi rido naiangalia ukutani, siyo kwenye mashine yako.” Wiki ijayo familia ya mukwe inakuja kuleta dot, mahari ya binti yake. Akanipa mpaka siku ya posho, yaani kesho. Baada ya hapo anatafuta mwingine. Na yeye ndiye amenipatia karibu wateja wangu wote, wale wamama wa kwaya. Akiondoka yeye, wanaondoka wote.

Bwana wangu anaendesha lori, wiki hii yuko upande wa Kalehe. Nikamupigia simu. “Nunua yako,” akasema. “Lakini uichague wewe. Mukono utakaoishika ni wako.”

Juzi nikaenda dukani. Perseze zilikuwa za kila rangi. Nikauliza muuzaji, “Hii inatoboa jiwe?”

“Inatoboa.”

“Na ile?”

“Inatoboa.”

“Na hii ndogo ya kijani?”

“Maman, hiyo hata mulima inatoboa!”

Nikaelewa kwamba mudomo hautanisaidia. Jana nikarudi na vya kujaribia: tofali moja, na jiwe moja. Divine alikuwa mugongoni, kwa hiyo nilitafuta jiwe lisilo zito. Nikachukua lile jeusi la pale tunapoogea. Mimi nilifikiri jiwe ni jiwe.

“Maman, sisi hatununui mawe hapa,” muuzaji akasema. Watu dukani wakacheka. Lakini akakubali tujaribu, labda ili animalize haraka. Tofali, mashine zote zililitoboa, vumbi jekundu likajaa juu ya meza. Halafu ile ndogo ya kijani ikaingia ndani ya jiwe langu kama kisu ndani ya avoka. Furaha niliyopata! Iko ndogo, iko nyepesi, rangi nzuri. Nilikuwa nimeshaanza kufungua fundo la kitenge.

Muuzaji akageuza jiwe. Akapapasa upande ule laini. Akaniangalia.

“Maman, hili si jiwe la kusugulia miguu?”

Lilikuwa lenyewe. Jiwe la volkano, linaloletwa na mashua kutoka Goma, lenye vitundu kama mukate. Kila nyumba hapa Bukavu iko nalo, na hakuna anayejenga nalo ukuta wa kushika rido. Duka lote likaanguka kwa kicheko. Nikacheka pia. Divine akacheka kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka.

Lakini nilipokuwa napanda kurudi, nikaanza kufikiri. Muuzaji mwingine angenyamaza. Ningekuwa juu ya ngazi ya Maman Odette, mbele ya ukuta wake, na kitu cha kuchezea mukononi.

Basi nikageuza njia, nikaenda kwake. Nikamuomba jiwe moja lililobaki siku walipojenga.

Akasimama mulangoni, mikono kiunoni. “Unataka jiwe la nyumba yangu? Na dot ya mutoto wangu ni wiki ijayo? Maman Divine, unaenda kuniroga?”

Machozi yalikuwa karibu. Nikamuelezea yote, hata habari ya jiwe la miguu. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akavaa kandambili, akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akarudi na moja lililomuvunja mugongo. “Toboa hili. Halafu uje unionyeshe tundu.”

Ndiyo maana leo nimetembea katika mvua, jiwe ndani ya beseni kichwani, mutoto mugongoni, mwavuli sijui ulikuwa unamufunika nani.

“Maman wa mawe amerudi!” muuzaji akapaza sauti.

Ile ya kijani ilipiga kelele, ikatoa moshi, ikaacha alama ndogo inayong'aa, kama chanjo kwenye bega. Nyingine, ndefu ya manjano, ilichimba kama ukucha tu, kisha meshi yake, kile chuma cha kutoboa, ikageuka bluu kwa moto. Muuzaji akainama chini ya meza, akatoa moja fupi, nene, mbaya ya sura, kama kuku asiye na shingo. Meshi yake haikazwi. Unaisukuma tu mpaka inalia *ta*. Akasema hii iko na nyundo ndani, inagonga yenyewe, wewe kazi yako ni kuishika isikimbie.

“Nipe niishike mimi.”

“Acha kijana wangu ashike, maman. Itakutupa.”

Nikamufungua Divine, nikamupatia maman mumoja aliyekuwa anachagua kufuli. Nikashika kwa mikono miwili.

Haikunitupa.

Iliingia polepole, ikikohoa vumbi la majivu, meno yangu yakigongana, mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Halafu nikaiinua juu ya kichwa kama niko kwenye ngazi, nikakaa hivyo mpaka bega likaanza kulalamika. Muuzaji alitaka niweke batri kubwa. Nikakataa, nikachukua mbili ndogo. Kubwa ingenichosha mukono, na kwa huu umeme wetu, moja ifanye kazi wakati ingine inangojea umeme urudi.

Nikapeleka jiwe Nyalukemba. Maman Odette akaliinua, akaweka jicho kwenye tundu. Aliangalia ziwa. Kisha akageuka, akaniangalia mimi, jicho bado kwenye tundu.

“Kesho mapema,” akasema. “Na usiniletee yule bwana wa chai.”

Tundu la kwanza la ukutani nimelitoboa hapa nyumbani, juu ya kitanda. Musumari wa chandarua ulikuwa unatoka kila siku, na chandarua kinamuangukia Divine usoni. Sasa kuna tundu, kuna sheviye, ile plastiki ya kushika visi, na kuna visi yenyewe, musumari wa kukaza kwa kuzungusha. Nimevuta kwa nguvu. Nimevuta tena. Kimekaa.

Amelala chini yake sasa, ngumi zimefungwa.

Batri zote mbili zimejaa. Kesho kuna ngazi, na ukuta ule murefu wa mawe. Mikono bado inatetemeka kidogo hata kwenye kuandika. Ni woga, ao ni ile mashine ambayo haijatoka bado ndani ya mifupa yangu?