Nafasi ya Mama Garini

Mugumu, Serengeti
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Werema,

Shikamoo. Huko baridi imeshaanza? Wifi Anne hajambo? Na goti la baba mkwe wako limepona baada ya vile vilima vya Gombe? Sisi huku ni wazima. Mama yupo Nyarero na mihogo yake, kifua hakimsumbui tena.

Asante kwa picha za sokwe. Niliwaonyesha manesi wenzangu wodini, wakagombania simu ili wamwone yule aliyebeba mtoto mgongoni.

Kaka, kuna jambo linaninyima raha. Uliponiomba nikuchagulie hifadhi, niliifurahia sana kazi ile. Wakwe zako walitaka nyumbu wakivuka mto Mara, wifi alitaka sokwe. Rubondo ni karibu zaidi, ila niliambiwa sokwe wa huko hawaonekani kirahisi. Nikachagua Serengeti na Gombe. Safari ya Kigoma ikala siku, na siku nilizopunguza ni za Nyarero. Ukabaki na mchana mmoja tu kwa mama. Hukulalamika, wala yeye hakulalamika.

Halafu asubuhi ile mlipopita kwangu, mkamkuta mama, nilikwambia amekuja kuwaaga. Haikuwa hivyo. Alikuja na kikapu chake, amevaa kitenge kipya.

"Jana niliona gari lina nafasi nyuma," aliniambia. "Nami nitaenda na mwanangu."

Nikamjibu kwamba gari limejaa. Halikujaa, kaka, unajua. Niliogopa atatapika njiani mbele ya wageni. Akasema, "Basi, sawa," akaingia jikoni kuwachemshia chai ya chupa.

Jumamosi iliyopita nilikodi gari, nikamchukua, tukaingia kwa lango la Ikoma. Mama hakumwangalia simba sana. Tembo aliwaambia maneno ya Kikurya ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alichotaka kujua ni habari zako: mlipita njia ipi, ulikaa upande gani, ulikuwa unacheka?

"Mama, mimi sikuwepo," nikamwambia.

Tulipofika Seronera, pale wageni wanapokula, akauliza, "Werema alikaa wapi?"

Sikujua. Nikamwonyesha benchi lolote tu. Akalipangusa kwa kiganja, akakaa, akala taratibu, na dereva alipotuita, mama alisema tumwache kidogo.

Nisamehe, kaka. Ukipata likizo tena, usiniulize habari za hifadhi. Njoo ukae naye.

Mjomba Heche anakusalimu, na binti yangu Wegesa anamsalimu wifi yangu. Mungu awatunze huko mliko, na amtunze mama hadi utakapomfikia.

Mdogo wako anayekupenda,
Elieth