Flaiwili Nzito, Flaiwili Nyepesi

Jumanne, 5 Agosti

Kutoka kazini nikapitia gereji, Makadara. Gari bado liko juu ya stendi, giaboksi iko chini. Klachi imekwisha, hilo nilijua. Sikujua kwamba flaiwili nayo imepasuka kwa joto, lile gurudumu la chuma la nyuma ya injini ambalo klachi hulishika. Sasa lazima nichague.

Otieno, fundi wangu, ameziweka mbili juu ya gunia. Moja nzito, kama ile ya zamani. Gari linaondoka taratibu, halizimi ovyo. Nyingine nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja. Injini inapanda upesi, inashuka upesi. Ndiyo ya mashindano. Na mashindano yangu ya kwanza ya magari ni Jumapili ya wiki ijayo.

"Sema haraka, siste," Otieno akaniambia. "Kuna gari lingine linangoja hapa."

Nikasema nyepesi. Sikufikiria hata kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Gari limerudi. Likisimama linapiga kelele kidogo, kama vijiko ndani ya sufuria. Nikikanyaga mafuta, raha tupu. Nimezunguka mtaa wetu wote wa Fedha bila sababu.

Mama ameuliza kama liko tayari. Alipata leseni juzijuzi, na mazoezi aliyafanya kwa gari hili hili. Ni letu sote wawili. Tangu Baba afariki, amekuwa akibembeleza watu wamfikishie marobota ya khanga dukani kwake Eastleigh. Amechoka kubembeleza.

Nikamjibu liko tayari.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya.

Mama alikuwa kwenye usukani. Karibu na Kware, barabara inapopanda kidogo, gari likazima. Akawasha, akaachia klachi, likazima tena. Na tena. Honi nyuma yetu. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mathe, peana gari kwa mwenye kuijua!"

Mama akavuta breki ya mkono, akashuka, akanipa ufunguo mbele ya watu wote. Nyumbani akasema, "Haya mambo ni ya vijana, Rukia. Miguu yangu imechelewa."

Najua si miguu. Sikusema. Mwoga mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelipeleka gari pale pale Kware mwenyewe. Limenizimia hata mimi.

Mama amempigia jirani simu amchukulie mzigo. Sauti ile ya kuomba. Nimeichukia. Nimejichukia zaidi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia, tukiosha vyombo. Kwamba kuna nzito na kuna nyepesi. Kwamba nyepesi haimvumilii dereva anayeachia klachi kwa wasiwasi. Kwamba niliichagua kwa sababu ya mashindano na sikumuuliza.

Akaweka sahani chini.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mama."

"Siku mbili hizi nimejiona mzee bure."

Akaingia chumbani. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Baadaye akatoka, ameshaswali, uso umetulia.

"Maliza kwanza mashindano yako," akasema. "Nitavumilia."

Nikakataa. Anavumilia tangu siku ya mazishi.

Alhamisi, 14 Agosti

Otieno alicheka mpaka akakaa chini. Kushusha giaboksi tena, kazi ile ile. Nzito imeingia. Nyepesi imebaki kwenye gunia nami nikaitazama sana. Imeniuma. Sitajidanganya.

Jioni Mama akashika usukani. Pale Kware alipunguza mwendo, akasimama, midomo inasoma dua. Akaachia klachi. Gari likaondoka kama kawaida. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyetutazama. Akaendelea moja kwa moja hadi Makadara, na hatukuwa na shughuli yoyote Makadara.

Ijumaa, 15 Agosti

Amepeleka marobota mwenyewe. Amerudi na ndizi, na hadithi ndefu ya jinsi alivyoegesha.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemaliza katikati. Kwenye kona injini ilichelewa kupanda, na wenye nyepesi walinishinda hapo waziwazi. Lakini muda mwingi niliupoteza kwa mikono yangu: niligeuza usukani mapema, nikaogopa, nikakanyaga breki pasipohitajika. Hayo yanafunzika. Nitarudi msimu ujao na flaiwili hii hii. Sijali watakaocheka.

Mama alisimama kwenye kamba ya watazamaji muda wote, buibui limejaa vumbi. Nilitoka kwenye gari nimechoka hoi. Akauchukua ufunguo bila kuuliza.

Nilikusudia kumwangalia njia nzima, nimwambie lini abadilishe gia. Nikasinzia kabla hatujaifikia lami. Nilipofumbua macho tulikuwa Fedha, chini ya nyumba yetu, injini imezimwa. Mama ameketi tu, mikono mapajani, ananingoja niamke.