Zamu ya Kisima cha Mchangani

Jumatatu, 1 Novemba 1909
Mama karudi na kibuyu kitupu. Siku ya tatu hii. Kawasalimu wanawake kisimani — mbukwa, mbukwa — hakuna aliyeitikia. Kama kasalimia mawe.

Kisima chetu kiko mtoni, mchangani. Mto mkavu, maji yako chini. Mwaka huu yameshuka sana, lazima watu watatu. Mmoja chini achote, mmoja kwenye kidato cha kati apokee, mmoja juu amimine. Peke yako huwezi. Hawakumpiga mama. Wamekunja mikono tu.

Najua kisa. Mwezi uliopita askari walitaka maji ya kambi ya reli. Wakamshika mzee Bartolomayo, kiboko, aonyeshe kisima. Hasemi. Damu. Mie nikawaonyesha kisima chetu kingine, kile cha juu. Wangemuua! Sasa cha juu ni cha kambi, kina askari na bunduki. Sisi wote tumebanana hiki cha chini. Wanasema mie, Kefa, nimeuza maji.

Sikuuza. Sikupewa hata chumvi.

Nimefukua shimo pembeni. Tope. Tumechuja kwa kanga ya marehemu mke wangu.

Alhamisi, 4 Novemba
Kazini. Tunabeba udongo wa tuta la reli. Mchana nikakaa na wenzangu kwenye ugali. Wakanyanyuka wote na chungu chao, wakahamia kule.

Matonya ndiye anayegawa zamu kisimani. Kaka wa marehemu mke wangu! Nimemlipa baba yake ng'ombe wa mahari, tumekula naye miaka tisa. Leo anapiga kelele: mzungu mweusi huyo, mpeni kiti, msimkalishe chini suruali itachafuka. Wakacheka. Sina suruali mie.

Nikamwambia, shemeji, maneno hayo kamwambie askari pale kisima cha juu. Punde askari kapita. Wote tukasimama. Wa kwanza kusimama nani? Matonya.

Jumapili, 7 Novemba
Kanisani mwalimu kasema mpende jirani yako. Matonya kaitika amina kuliko wote.

Nilimwendea mzee Bartolomayo. Nikamwambia, babu, wewe unajua kwa nini nilionyesha. Kanisemee kwa watu. Kisha kasema: mwanangu, mgongo wangu unakushukuru. Lakini mdomo wangu una majirani. Na mimi nachota kwa Matonya.

Basi. Nimeondoka bila kuaga. Mtu mzima yule!

Jumanne, 9 Novemba
Alfajiri nikaenda mwenyewe na mama. Nikashuka hadi chini, nikachota. Nani apokee? Mama kashuka kidato cha kati. Akapokea kata, akapanda nayo, akamimina, akashuka tena. Kata nne. Ya tano imemwagika yote. Wanawake sita wamesimama juu wanatazama. Mmoja anamwambia mwenzake, mchawi hazeeki, tazama anavyopanda.

Njiani mama kasema tu: huyo aliyesema, nilimzalisha mimi.

Alhamisi, 11 Novemba
Nyapara wetu Halfani, mtu wa mjini, kasikia. Kaniita pembeni, kasema: Nipe majina ya wanaokunyima maji, kila mmoja viboko hamsa ishirini, kesho mama yako anakunywa. Rahisi tu.

Nilimwona Matonya mbele ya macho yangu amelala kifudifudi. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Nikajibu sijui majina. Halfani kacheka: nyinyi Wagogo, ukiwapa fimbo mtapigana wenyewe, mimi nipumzike. Nilitaka kumrukia. Ila kasema kweli, mbwa yule.

Jumatatu, 15 Novemba
Sijui niandikeje.

Wameleta watu wapya kazini kwa nguvu. Yuko mmoja Petro, wa Mlali. Mgogo kama sisi, mkristo, mpole, mwembamba, anakohoa. Leo kajikwaa, udongo wote mguuni kwangu. Nikamsukuma. Nikamwita mbwa wa Mlali, nikasema kwao wanaoa mbuzi. Maneno mengi. Kaanguka. Kaokota udongo kwa mikono.

Watu wakacheka. Wamecheka na mie, siyo mie wa kuchekwa! Mwezi mzima sijasikia kicheko hicho. Matonya kanipa ugoro. Kasema, kumbe shemeji una ulimi.

Ulikuwa mtamu ugoro ule. Nimerudi nao puani mpaka nyumbani. Sikumwambia mama.

Jumatano, 17 Novemba
Matonya kaja mwenyewe mlangoni. Kampigia mama shikamoo. Kasema yamekwisha, Ijumaa alfajiri mje, zamu yenu, mimi nitashuka chini mwenyewe.

Mama kaanza kulia.

Kisha Matonya kanivuta nje. Jambo moja tu, shemeji. Wale wa Mlali kambini hawapewi maji, watakuja huku. Maji hayatoshi. Tumekubaliana hakuna kuwaitikia. Na wewe pia.

Nikauliza, wakanywe wapi? Kasema: waulize walioonyesha cha juu.

Nikasema, haya.

Ijumaa, 19 Novemba
Tumetoka kisimani sasa hivi. Matonya chini, mie katikati, mama juu. Kata zinapanda haraka, maji safi. Wanawake wamemwitikia mama wote. Kacheka nao.

Petro katokea na kibuyu. Kasema mbukwa.

Kimya. Matonya kule chini: shemeji, leo upepo unaongea. Wanawake wakaziba midomo, wanacheka. Petro kanitazama. Kasema tena, mbukwa, kaka Kefa. Jina langu analijua! Mie nikainama, nikapokea kata.

Mama akaitikia. Peke yake. Mbukwa, mwanangu, lete kibuyu chako.

Kata mkononi mwangu imejaa. Mama kanyoosha mkono nimpe. Matonya kaniangalia kutoka chini. Nikamwambia mama, chetu kimejaa, twende.

Mama kaniangalia. Nikasema, twende mama! Kwa ukali. Mbele za watu.

Tumefika nyumbani. Mama amekaa kwenye ngozi yake. Midomo imepasuka kwa kiu ya siku zote hizi. Nimemmiminia kwenye kibakuli, nimemwekea mbele. Kunywa mama. Nikasema, nimefanya kwa ajili yako. Kanigeuzia mgongo.

Halfani anapiga filimbi ya kazi, mara ya pili sasa. Watu wanapita njiani, wananiita, Kefa twende, Kefa! Bado nimekaa. Maji yapo palepale. Hajayagusa.