Aliyelikalia Sanduku

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu kapita leo, hakukaa hata kumaliza chai. Mhadhiri wa historia, mtoto wa kike wa dada yangu. Anachunguza demokrasia, jinsi watu wa huku na watu wa ng'ambo wanavyolinda kura zao. Kichwa hicho karithi kwa mjomba wake. Mimi nina darasa la saba la zamani, sawa na digrii ya siku hizi.

Kitabu chake kimekwisha. Sura ya nne ni mimi, kurasa thelathini na moja. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, majambazi saba na marungu wanataka kubeba sanduku la kura, mimi nimelikalia, wanavuta weee, hawaniwezi. (Mara ya kwanza kusimulia walikuwa watatu. Wamezaana.)

Kitabu kikipita, anakuwa profesa. Ila kuna profesa mgeni aliyepewa kukikagua. Anataka kunisikia kwa masikio yake. Ijumaa saa nne asubuhi, mbele ya jopo zima.

Nikajibu waje hata ishirini. Alipofunga mlango, nikamalizia chai aliyoiacha.

Jumanne, 11 Machi

Kwa kinyozi, rafiki yangu. Wanahistoria wana kanuni yao — shahidi mmoja hatoshi. Mpwa alipotaka wa pili, nilimpeleka kwa kinyozi, baada ya kumfundisha kinyozi Jumapili nzima. Mwaka ule hakuwapo kabisa. Alikuwa mji mwingine, akijifunza kunyoa.

Leo wembe uko shingoni mwangu, ndipo ananiambia yule profesa kampigia simu. Kasikiliza kanda zote mbili alizoturekodi mpwa. Kashangaa. Wote tumesema "kama kuku juu ya mayai." Wote tumekohoa palepale, kabla ya marungu.

Nikamuuliza, kikohozi nacho ulikitia cha nini?

"Si ulikohoa wakati unanifundisha, bwana. Nikajua kimo kwenye hadithi."

Kanikata kidogo chini ya sikio. Au nilitikisika mimi.

Jumatano, 12 Machi

Sijala.

Niandike basi, hapa hasomi mtu. Nilikuwapo. Hilo si uongo. Kazi yangu ilikuwa kuchovya vidole vya watu kwenye wino. Marungu yalipoingia darasani nilitokea dirishani, nikakimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki huko. Aliyelikalia sanduku ni mpishi wa ile shule tuliyopigia kura. Mwanamke mfupi, aproni bado kiunoni. Nilimwona nilipogeuka. Mara moja tu niligeuka.

Baadaye nikasikia kahamia kwa binti yake, mbali. Nafasi ikawa wazi. Nikakaa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Mpwa kapiga simu, sauti inacheka. Anasema amepata dawa ya yule profesa mgeni. Kachimba kwenye nyaraka, kaona daftari la zahanati la siku ile: mpishi wa shule, mkono umevunjika mara mbili, kaumizwa akilinda sanduku. Kamtafuta wiki tatu kimyakimya. Kampata. Mzima. Anakuja kesho.

"Shahidi wa tatu, Mjomba! Mlikuwa wote, mbona hukunitajia?"

Nikasema kulikuwa na vumbi.

Halafu nikajikaza. Nikamwambia, mama, ile hadithi niliitia chumvi. Akacheka zaidi. Anajua. Chumvi kaitoa yote yeye mwenyewe, majambazi kawarudisha watatu. Kilichobaki, anasema, ndicho kinachobeba kitabu.

Nikauliza, na kisipobeba?

Akanipa kisa. Kuna mwenzake idarani alibainika na shahidi wa kubuni. Siku hizi hata jina lake limekwanguliwa mlangoni, na wanafunzi wake wameambiwa waanze upya.

"Lakini mimi nina wewe," akasema.

Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne kasorobo. Ukumbi wa idara, ghorofa ya pili, benchi la nje ya mlango. Naandika ili mikono ipate kazi. Ndani naona kipaza sauti, glasi za maji, profesa mgeni anapanga karatasi zake. Kinyozi hakuja. Kasema ana wateja.

Kaja yeye, yule mpishi. Kapanda ngazi polepole, kaketi kando yangu. Mkono wa kushoto umepinda kwenye kiwiko, kama uliungwa na mtu mwenye haraka. Nikampa shikamoo. Marahaba, baba. Kaniuliza kama ni mimi yule kijana wa sanduku.

Nikatikisa kichwa. Sijui nilikitikisa upande gani.

Kanishika goti. Kasema siku ile alilala kifudifudi juu ya lile sanduku, kafumba macho, wala hakuona nani yuko nyuma yake.

"Miaka yote hii nikidhani nilikuwa peke yangu, baba. Binti yako aliponiambia tulikuwa wawili, nililia."

Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Mpwa kafungua mlango. Kavaa koti lake la mahafali, anatutazama sisi wawili kama mtu aliyepata kila alichokitaka. Anauliza nani aanze.

Mama mpishi anasema niingie mimi kwanza, mimi najua kusema. Yeye ataongeza nitakapomwachia.

Wananingoja nisimame. Mkono wake bado uko gotini pangu, na —