Aliyebaki Zamu

Jumanne, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Hujambo? Wagonjwa wetu hawajambo? Yule mzee niliyemkata utumbo ameshatoa upepo? Mimi nimefika salama, miguu tu imevimba kwa safari.

Ukumbi wa kongamano umejaa suti. Nimetafuta mwanamke wa kukaa naye, nikampata anayegawa vitambulisho mlangoni. Mwenyekiti kaniita pembeni, anataka kesho nizungumzie kwa nini wanawake hatuonekani kwenye uongozi wa upasuaji. Nimekubali. Nitawapa vidonge vyao.

Najua ulitaka kuja. Lakini nikiwaachia wale wengine idara, silali. Mikono ninayoiamini ni yako. Nisamehe.

Shangazi yako


Jumatano, 12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mzee ametoa upepo alfajiri, wodi nzima imesikia, muuguzi akampigia makofi. Jana nimemfungua mama mmoja aliyepasuka bandama. Yuko macho, anadai chai.

Kuhusu safari, yamepita. Ila niseme, maana mbele yako mdomo wangu huwa mzito. Wiki ijayo bodi inachagua naibu wako, na kila mmoja ataulizwa amewahi kusimama kwenye kongamano lipi. Bwana Tai, daktari mwenzangu uliyekwenda naye huko, anayo ya kutaja. Mimi sina hata moja. Leo anasoma utafiti wangu wa ini kwa niaba yangu, basi mkumbushe ataje ni ya nani. Si mtu mbaya, anajisahau tu.

Mwanao


Alhamisi, 13 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa.

Bwana Tai alikutaja, nisimsingizie. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Huyo daktari yuko wapi tumuulize mwenyewe?" Akajibu, "Yuko zamu." Ukumbi ukacheka.

Kisha nikapanda mimi. Nikawasema wakuu wa idara, nikawasema waume, nikawasema wanaoitisha vikao saa ambazo mtu ananyonyesha. Nikapigiwa makofi, na kichwa kikavimba. Ndipo akasimama binti mmoja mwanafunzi, kule nyuma kabisa. "Samahani mama, yule daktari mwanamke aliyebaki zamu, nani alimpangia?"

Nikanywa maji. Nikasema muda umekwisha.

Ni mimi, mwanangu. Mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi, ratiba nimeiandika kwa mkono wangu. Wazembe nikawaleta kongamano ili wasiniulie wagonjwa. Wewe nikakufungia ndani kwa sababu unaijua kazi. Sasa hao wazembe ndio wanaojulikana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kunguni ndiye mimi. Naona aibu hata kushuka kula. Nijibu.

Shangazi yako


Jumamosi, 15 Machi

Mwanangu,

Habari za tangu juzi? Nimepiga simu wodini, wanasema uko salama, unafanya kazi na kucheka. Kwa hiyo umeninunia mimi peke yangu. Haki yako. Nimeiandikia bodi kwamba kama hujawahi kusimama mbele za watu, kosa ni langu.

Shangazi yako


Alhamisi, 20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini miguu imepungua. Tangu urudi tunapishana koridoni kama wapangaji wasioelewana, na nikikukabili uso kwa uso nitalia, ndiyo maana naandika.

Bodi imemchagua Bwana Tai. Barua yako waliisoma. Wakasema shangazi mtu anamtetea mtoto wa kaka yake, wakaiweka kando.

Nilinuna, nisikudanganye. Nimekufikiria sana. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaanza kushona, na hilo halifutiki. Lakini ulinitunza kama kisu kizuri cha jikoni, ambacho mwenyewe hataki kitoke nje ya nyumba. Kila uliponisifu, mlango ulizidi kufungwa.

Yule mzee wa mstari wa mbele amenitafuta. Hospitali yake haina mkuu wa upasuaji, ananitaka mimi. Kinachohitajika ni saini ya mkuu wangu wa idara, yaani wewe. Barua ya kuniachia iko mezani kwako. Nakuomba kitu kimoja, usiniulize utabaki na nani.

Mwanao


Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimepata barua yako na ile ya kuomba saini. Pole kwa yote niliyokufanyia nikidhani nakupenda. Nilikupenda kweli, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo.

Tangu Ijumaa kila nikishika kalamu napata udhuru. Mara wodi inaita, mara miwani haionekani. Leo nimesimama kwenye dirisha la kioo la chumba cha upasuaji nikikutazama unashona, na badala ya kukuonea fahari nikajikuta nakupangia zamu za Aprili. Nikajiona nilivyo.

Nimesaini. Sikuuliza. Kaichukue kwa karani leo leo, kabla hajafunga. Nimempa yeye kwa sababu ikilala mezani kwangu nitaichana.

Shangazi yako