Ukurasa Ambao Babu Hakuonyeshwa

Jumamosi. Mvua inanyesha hapa mtaani kwetu Kibuli tangu alfajiri, na mimi kwa furaha nimeshindwa hata kunywa chai.

Nimeisoma! Karatasi ya babu wa babu yangu, mkalimani aliyefika huku na misafara ya biashara kutoka pwani, nimeisoma yote.

Shangazi Zuhura alinipa juzi, baada ya kunikatalia miaka mingi. Ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ni nakala ya mkataba ambao chifu mmoja wa huku aliuwekea alama mbele ya afisa wa Kiingereza, wakati nchi ikiingizwa chini ya ulinzi wao. Babu ndiye aliyemfasiria. Kwa sababu hiyo, tangu utotoni naitwa mjukuu wa aliyeuza nchi.

Nami ni mwalimu wa historia!

Leo nimeilinganisha na nakala ya Kiingereza niliyoipiga picha kwenye hifadhi ya nyaraka. Ya Kiswahili inataja urafiki, ulinzi na msaada dhidi ya maadui. Basi. Ya Kiingereza ina ukurasa wa pili: ardhi, kodi, hata haki ya chifu kuzungumza na mataifa mengine, vyote vimekwenda kwa Waingereza.

Na pembeni, kwa mwandiko mdogo, babu ameandika kwamba yeye hakuonyeshwa ukurasa wa pili.

Nilipiga kelele. Shangazi akaja mbio akidhani nimeona nyoka.

Nikatoka na mvua ile ile hadi kwa jirani yetu Mzee Mukasa, kitukuu wa chifu yule, ambaye kwetu husalimiwa kwa mbali tu. Alikuwa askari, Kiswahili chake ni cha kambini. Nikamsomea.

"Soma tena. Pole pole."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo jjajja, babu yetu yule, hakuuza?"

"Hakuuza, ssebo, mzee wangu. Alidanganywa."

Akafuta macho bila kujificha. Kisha akauliza, "Na wako?"

Hapo nilitaka kukimbia. Lakini nikamwambia ukweli: wangu alijua kuna ukurasa wa pili. Akatia jina lake kama mkalimani, akanyamaza.

Mzee akaichukua karatasi, akagusa ule mwandiko wa pembeni. "Lakini aliandika," akasema. "Kesho ukoo wetu unakutana. Njoo uwasomee wewe mwenyewe."

Nimekubali kabla hajamaliza kusema!

Kesho saa nne nitasimama mbele ya watu ambao familia yangu imewakwepa vizazi vinne. Naogopa, na bado natamani kuche sasa hivi. Wakiniuliza kwa nini alinyamaza, nitawajibu nini?